Mafunzo ya Msimu: Kumzoesha Mchumaji Kujilinda, na Mambo Tunayojifunza kutoka Rau



Msimu wa kuchuma umekaribia. Kamba zinasokotwa, mapakacha yanasukwa na majamvi yameanza kutolewa darini. Kila mwaka, wakati kama huu, tunawaletea mafunzo juu ya kuchuma karafuu zilizokomaa, kuzianika vizuri, na kutochanganya makonyo na karafuu. Safari hii tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo mizani ya mnunuzi haiwezi kulipima, nalo ni usalama wa yule anayepanda mti.

Hakuna mwanachama asiyejua ya kwamba mkarafuu si mti wa kuuchezea. Ulio mkongwe hupita mita 10 kwenda juu, na tawi lake ni danganyifu: machoni ni zima, lakini hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Anayeanguka huvunjika mkono, au mguu, au kiuno; na aliyevunjika uti wa mgongo huenda asisimame tena maisha yake yote. Karafuu alizochuma asubuhi ile zitauzwa, fedha zitagawanywa, na yeye atabaki kitandani, mkewe akimgeuza na wanawe wakiacha shule. Wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Kwetu sisi maneno hayo si fumbo.

Basi swali la somo hili ni hili: kwa nini mtu anayeijua hatari bado huiendea? Na sisi tunaomwajiri tufanye nini ili aiache? Kumkaripia, tumemkaripia miaka mingi, naye hujibu "ndiyo, bwana", kisha tukigeuka hulikanyaga tawi lile lile. Ni dhahiri basi ya kwamba ukali peke yake hautoshi.

KWA NINI RAU

Ili kulijibu swali hilo, tumetazama kazi za wenzetu wa bara, hasa upande wa Rau. Rau iko ukingoni mwa mji wa Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Mto Rau huteremka kutoka miteremko ya mlima, na maji yake hugawiwa katika majaruba ya mpunga ya bonde la Moshi. Kwenye miteremko kuna vihamba vya Wachaga, yaani mashamba ya migomba na mibuni. Na juu zaidi ya vihamba ni misitu, na njia za wageni wanaopanda mlima. Kwa hiyo mtu akiwa Rau hayuko mbali na kazi tatu: kahawa, mpunga, na uchukuzi wa mizigo mlimani.

Mtu atauliza, haya na karafuu yanahusiana nini? Yanahusiana sana. Watu wa kazi hizo, kama wachumaji wetu, wengi huitwa kwa msimu au kwa safari, kisha huenda zao. Hawafanyi kazi ndani ya kiwanda chenye geti na msimamizi wa kila saa, na mkaguzi wa Serikali hawezi kusimama chini ya kila mti wala kando ya kila jaruba. Anayefanya kazi yuko na mazoea yake, hofu yake na haja yake ya fedha. Ikiwa wenzetu wamepata njia za kumlinda mtu wa namna hiyo, nasi tunaweza kuzitumia.

FUNZO LA KWANZA: MIZANI YA LANGONI

Wachukuzi wa Kilimanjaro hubeba mahema, vyakula na vyombo vya wageni kwa siku kadhaa. Sheria ya hifadhi ni kwamba mzigo wa mchukuzi usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Na mzigo hupimwa kwa mizani langoni, kama vile lango la Machame au la Marangu, kabla ya safari kuanza.

Tuangalie hekima iliyomo humo. Mchukuzi anayeitaka kazi hatasema "mzigo huu ni mzito". Anajua nyuma yake wako wenzake wanaongoja nafasi yake. Kinywa chake kitasema "naweza", hata kama goti lake linakataa. Mizani humsemea. Mizani haina njaa wala haina aibu, na haiogopi kunyimwa kazi kesho. Bila shaka, inafaa pale tu anayeisoma ni mwaminifu. Lakini jambo limekwisha kuamuliwa kabla mtu hajaingia katika jaribu.

Nasi mchumaji wetu tunamwachia aamue mwenyewe, akiwa juu, peke yake, ikiwa tawi litambeba au halitambeba. Hapo haja yake ndiyo inayoamua. Yafaa sisi tuwe na mizani yetu ya langoni. Kabla ya msimu, mwenye shamba azunguke pamoja na mchumaji mzoefu, mti kwa mti. Mti uliooza ndani, au wenye matawi makavu, au ulioliwa na mchwa shinani, upakwe alama ya chokaa. Wenye alama haupandwi, hata ukijaa karafuu namna gani. Utachumwa kwa ngoe na ngazi, kwa kadiri mkono utakavyofika. Na kila mchumaji aambiwe hivyo siku ya kwanza, mbele ya wenzake wote, ili asiwepo wa kusifiwa ushujaa kwa kuupanda.

FUNZO LA PILI: ANAYETANGULIA NDIYE ANAYEWEKA MWENDO

Neno "polepole" kila mgeni wa Kilimanjaro hulisikia. Kilele cha mlima ule kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Anayepanda kwa haraka huumwa kichwa na kutapika. Akikaidi, huenda maji yakajaa katika mapafu au ubongo ukavimba, akafa. Lakini kiongozi wa safari haishii kusema polepole. Yeye hutangulia, akatembea polepole, na wengine wote nyuma hawana njia ya kumpita. Mwendo wake ndio amri yake.

Hapa ndipo penye jambo gumu kwetu, wala hatutalikwepa. Sisi twamwambia mchumaji "usiwe na haraka", kisha twamlipa kwa pishi. Kinywa chetu kinasema polepole, lakini ujira wetu unasema kimbia. Mtu mwenye akili atasikiliza ujira. Karafuu za katikati ya mti akishazimaliza, zilizobaki ziko nchani mwa matawi, na pishi ya mwisho ya siku iko huko huko. Ndipo anapoliacha shina na kwenda kwenye tawi jembamba, tena ni jioni, naye amechoka.

Hatusemi pishi iachwe. Karafuu haingoji, ikifunua ua imepoteza thamani, na malipo ya pishi ndiyo yanayofanya shamba limalizike kwa wakati. Tunasema pishi ipangwe vingine, kwa njia mbili.

Kwanza, wachumaji wafanye kazi wawili wawili, mmoja juu na mmoja chini, wapokezane, na pishi zao zihesabiwe pamoja. Aliye chini achume kwa ngoe na ngazi zile nchani asizoweza kuzifikia mwenzake, apokee pakacha linaloteremshwa kwa kamba, na amtazame. Kwa hesabu ya pamoja hakuna anayepata faida kwa kwenda nchani, na hakuna anayeachwa juu ya mti peke yake.

Pili, siku ya mvua pawe na posho ndogo. Shina likiwa limelowa huteleza, na mtu asiyepata chochote akikaa atapanda tu. Mwenye shamba atasema posho hiyo ni hasara. Ni kweli ni gharama, na hatutaki kuificha. Lakini mara nyingi ni ya saa chache, mpaka shina likauke, na karafuu haziharibiki kwa kungojewa asubuhi moja. Alinganishe gharama hiyo na ile ya kumpeleka mtu hospitali, kukosa mchumaji msimu mzima, na kuikabili familia yake.

FUNZO LA TATU: ELIMU BILA NYENZO HAIMLINDI MTU

Kahawa ya Kilimanjaro ina maradhi mawili yanayoisumbua sana, chulebuni na kutu ya majani, pamoja na wadudu. Kwa miaka mingi tiba imekuwa ni kupuliza dawa kwa bomba la mgongoni. Dawa nyingine za wadudu ni sumu kali hata kwa mtu, nazo huingia mwilini si kwa kinywa tu, bali kwa ngozi: mgongoni bomba linapovuja, mikononi wakati wa kuchanganya, miguuni anapopita kwenye majani yaliyolowa.

Ukimwuliza mpulizaji, atakuambia ya kwamba dawa ni sumu. Anajua, na fuvu la kichwa lipo kwenye chupa. Hata hivyo huonekana mtu anapuliza amevaa kandambili na fulana. Mbona? Kwa sababu glovu zina joto, au ziko nyumbani kwa tajiri, au hazikununuliwa kabisa. Na maji na sabuni viko mbali. Basi tatizo lake si ujinga. Njia ya salama imewekwa mbali, na njia ya hatari iko karibu.

Jambo jingine la kuangaliwa huko ni kwamba kinga iliyo bora ni kuiondoa hatari yenyewe. Dawa ya endosulfani, iliyowahi kutumika kwenye mibuni, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Na taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, karibu na Moshi, imetoa aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu, hata mkulima asihitaji kupuliza sana. Mtu asiyebeba bomba hahitaji kukumbushwa glovu.

Kwetu maana yake ni hii: tusianze na hotuba, tuanze na vifaa. Je, shambani iko ngazi nzima? Je, ngoe zinatosha, kila wawili na ngoe yao? Je, kamba ni mpya, au ni ile ile iliyolala nje msimu mzima ikaoza? Kamba ya kujifungia kwenye shina ikiwa imetundikwa pale pale wanapochukulia mapakacha, wengi wataitumia. Ikiwa imefungiwa ndani ya ghala na ufunguo uko mjini, hata mwanachuoni hataitumia. Na ingawa mikarafuu yetu haihitaji dawa nyingi kama mibuni, wako miongoni mwetu wanaopuliza dawa za magugu na za mchwa. Hao wakumbuke ya kwamba chupa ya dawa haioshwi ikawa ya maji ya kunywa. Hutobolewa, isitumike tena.

FUNZO LA NNE: MWENZIO NDIYE MWALIMU WAKO

Katika bonde la Moshi uko mpango mkubwa wa kumwagilia mpunga uliojengwa kwa msaada wa Japani na kumalizika mwaka 1987, unaotumia pia maji ya mto Rau. Huko Chekereni kipo chuo cha kilimo, KATC, kilichoanza mwaka 1994. Chuo hicho kimefundisha kilimo cha mpunga kwa njia tunayoipenda: huchukua wakulima wachache, huwafundisha vizuri, nao hurudi kuwafundisha majirani zao, na majirani huwafundisha wengine. Kupanda kwa mistari kulienea jaruba kwa jaruba, kwa sababu mtu aliona kwa jirani ya kwamba mambo yanawezekana, na mavuno ni mazuri.

Tabia ya usalama nayo huenea hivyo hivyo. Kijana anayekuja kuchuma kwa mara ya kwanza hamtazami katibu wa chama, humtazama mchumaji hodari wa kambi. Hodari huyo akijifunga kamba, kijana atajifunga. Akicheka kamba, kijana ataitupa. Kwa hiyo tunashauri kila kambi iwe na mlezi mmoja, aliyechaguliwa na wachumaji wenyewe, mtu ambaye kazi yake inaheshimiwa. Alipwe kidogo zaidi, na kazi yake iwe kuwaonyesha wageni jinsi ya kupanda, kupima tawi kwa mguu huku mkono umeshika shina, na kushuka.

FUNZO LA TANO: MWENYE MALI AJE KWANZA

Tuchukue mfano mmoja wa mbali. Mwaka 1802 familia ya du Pont ilianzisha kiwanda cha baruti katika jimbo la Delaware, Marekani. Baruti haisamehe. Familia ile ilijenga nyumba zake karibu na kiwanda chenyewe, na inasimuliwa ya kwamba waliweka kanuni kuwa mfanyakazi asiingie katika kinu kipya mpaka mmoja wa wakubwa awe amekiendesha kwanza kwa mkono wake. Fikirini jinsi mtu atakavyokikagua kinu akijua kwamba atakayesimama mbele yake kwanza ni yeye.

Hatumwambii kila mwanachama apande mkarafuu, kwani wako wazee kati yetu. Lakini siku ya kwanza ya msimu aje shambani yeye mwenyewe, aikague kila kamba kwa kuivuta, aipande ngazi hatua tatu nne, na azitazame alama za chokaa pamoja na wachumaji. Asimtume mtu. Mchumaji akiona bwana wake anavuta kamba kwa nguvu zote, ataelewa bila hotuba ya kwamba maisha yake yana thamani.

JUU YA MANENO "AJALI HAINA KINGA"

Maneno haya husemwa kila mtu anapoanguka, na wengine huyatia ndani ya dini. Lakini chuoni sote tulisikia habari za yule Bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Kudra ipo, wala hatuna neno juu yake. Lakini tawi lililooza tukaliona mwezi uliopita tukanyamaza, hilo si la kusukumiwa kudra.

Mara nyingi kabla ya mtu kuanguka huwa pametokea ishara: tawi lilikatika mtu akashika jingine, kamba ilinyofoka, pakacha liliangukia karibu na mtoto. Watu walicheka, wakaendelea. Habari za namna hii ni mali. Anayezileta ashukuriwe mbele ya watu, na wala asikatwe ujira wala kuitwa mwoga. Na tunawatahadharisha wanaotaka kutoa zawadi kwa kambi ambayo haikupata ajali msimu mzima. Zawadi hiyo huwafundisha watu kuficha. Aliyeteguka mguu atanyamaza ili wenzake wasikose zawadi, na kesho atapanda na mguu ule ule. Yafaa zaidi kumpa pishi moja ya ziada yule aliyetoa habari ya tawi bovu.

MAMBO YA KUTENDA MSIMU HUU

1. Miti mibovu ipakwe chokaa kabla ya siku ya kwanza.
2. Kamba za zamani zikaguliwe. Iliyooza ikatwe vipande, isije ikarudi kazini.
3. Wachumaji wawe wawili wawili, pishi zihesabiwe pamoja.
4. Pakacha literemshwe kwa kamba, wala asiwepo anayekaa au kuchambua chini ya mti unaochumwa.
5. Baada ya mvua mti usipandwe mpaka shina likauke. Jioni kazi ya juu ikome mapema, kabla ya giza na kabla ya uchovu.
6. Mtoto asipandishwe mti. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda na kazi za hatari, na mahali pake ni shule.
7. Wanachama wakumbuke ya kwamba kumlinda mtu wa kazi ni wajibu wa kisheria pia. Zanzibar ina sheria yake ya usalama na afya kazini, Na. 8 ya mwaka 2005, kama Bara walivyo na yao ya mwaka 2003.

MTU AKIANGUKA

Jambo la kwanza ni kutomnyanyua kwa haraka. Desturi yetu ya kumkalisha, kumvuta mikono na kumnywesha maji imewalemaza watu ambao pengine wangepona. Alale pale pale alipo. Mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili, kisiyumbe huku wala huku. Asipewe chakula wala kinywaji. Damu ikitoka, ikandamizwe kwa kitambaa safi. Kumhamisha, watu wanne au zaidi wamwinue pamoja kwa hesabu ya moja, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, wamlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa, na wamfunge asiteleze. Kila kambi iwe na ubao huo tayari, na ijue mapema ni gari ya nani itakayompeleka hospitali, usiku na mchana.

MASWALI YA MKUTANO WA TAWI

1. Katika shamba lako, ni njia ipi iliyo karibu zaidi na mkono wa mchumaji: ya salama au ya hatari? Utaibadili vipi?
2. Tawi lenu litaweza kutoa posho ya siku ya mvua kwa kiasi gani, na ni nani atakayeamua kwamba shina limekauka?
3. Nani katika kambi yenu anafaa kuwa mlezi, na je, wachumaji wenyewe wamekubali?

Majibu yaandikwe na katibu wa tawi na kuletwa ofisini kabla ya mapakacha ya kwanza kwenda shambani, ili matawi mengine yapate kufaidika nayo.

Tunawatakia msimu wa kheri, karafuu nyingi, na kila aliyepanda ashuke kwa miguu yake.

Katibu wa Chama